Waya Chini ya Kiti cha Mjane

Naona bora niseme mwenyewe. Ukipanda kule Maguu ukamuulizia Festo, kijana wa gereji ya Mbamba Bay, watu watatazamana kwanza, halafu mmoja ataelewa na kusema, "Aa, Soketi," na hapo utasimuliwa habari ambayo kila mtu ana namna yake ya kuisimulia, na wale ambao hawakuwepo kabisa ndio wanaoijua vizuri kuliko sisi tuliokuwepo. Wengine wanasema nililala chini ya jeneza. Sikulala chini ya jeneza. Nililofanya ni baya kidogo kuliko hilo, basi lisikieni kwangu.

Mimi ni mtu wa haya tangu utoto. Kanisani niliwahi kukaliwa kofia na baba mmoja mnene, nikauona ukingo wake ukichungulia pale kwenye benchi, nisiseme neno, nikasubiri misa nzima mpaka padri aliposema nendeni na amani, ndipo nikaichukua ikiwa imelala kama chapati. Nikimsalimia mzee, Shikamoo yangu inaanza vizuri tumboni lakini haifiki mdomoni, na wazee wengi wananiona nina kiburi. Nilipomaliza darasa la saba nilishukia ziwani kwa mjomba wangu, Fundi Mapunda, kujifunza magari, na kazi hiyo ilinikaa vizuri kwa sababu ukiwa umeingiza kichwa kwenye injini hakuna anayekutegemea useme.

Siku hiyo mjomba alikuwa amekwenda Songea kutafuta gia boksi, akaniachia gereji. Mchana akaja kaka Denis na Noah yake, ile anayopakia abiria kati ya Mbamba Bay na Mbinga, na kabla hajaizima nilishasikia kwamba inamisi, yaani silinda moja imelala na zile tatu zinaivuta, gari zima linatetemeka kama mtu mwenye homa. Denis aliniambia kesho yake asubuhi anapandisha msiba. Mzee Engelbert wa Maguu alikuwa amefariki pale Mbamba Bay nyumbani kwa binti yake, na ukoo ulitaka azikwe kwao mlimani.

Noah ya zamani kama ile injini haipo mbele, ipo chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona unamshusha aliyekaa, unanyanyua kiti, ndipo unaikuta (naomba mlishike hili, maana ndilo lililonimaliza). Nikanyanyua, nikaangalia, na ubovu nikauona mara moja. Nozeli, vile vidude vinavyopuliza petroli ndani ya injini, kila moja ina soketi yake ya plastiki yenye waya mbili za kuiletea umeme, na soketi za Denis zilikuwa zimekaushwa na joto la miaka mingi mpaka zimekuwa kama maganda ya karanga. Ya kwanza niliigusa ikavunjikia mkononi. Nyingine kikucha chake cha kufungia kilishakatika zamani, na fundi fulani aliifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikamcheka moyoni. Kuziacha hivyo haikuwezekana, ilibidi zibadilishwe zote.

Soketi nzuri tulikuwa nazo, tulizikata kwenye gari moja bovu pamoja na vipande vyao vya waya. Na namna ya kuzifunga naijua, mjomba amenifundisha mpaka naiota: unakata soketi moja, unaunga moja, ndipo unakwenda kwa nyingine, na maungio yote unayachoma risasi (ile ya kuyeyusha, si ya bunduki) ili waya na waya ziwe kitu kimoja, halafu unavisha kimpira. Mjomba ana msemo wake, kwamba waya uliosokotwa kwa vidole ni ahadi ya mlevi, inashika mpaka atakapoamka.

Umeme ulikuwa umekatika. Bila umeme chuma cha kuchomea hakipati moto, na hapo pia najua la kufanya, unawasha jiko la mkaa, unapasha nondo, unachomea kwa nondo. Inachukua muda, lakini inawezekana, na mjomba alifanya hivyo miaka mingi kabla gereji haijavutiwa umeme. Ila Denis alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuwa amekasirika, alisimama tu, anazungusha funguo kidoleni, na kila baada ya muda anapumua. Kumgeukia mtu mzima anayepumua namna ile na kumwambia "kaka, subiri niwashe jiko" ni maneno machache, na mimi sikuyapata. Nikasokota waya kwa vidole, nikakaza kwa koleo, nikazungushia tepu nyeusi. Na kwa kuwa vile vipande vya waya vilikuwa vifupi, nikavivuta kidogo ili vifike.

Alipopiga stata, injini ikalia vizuri mno. Denis akainama kuisikiliza, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Cherehani," akasema. "Sasa niambie, dogo. Tayari, au bado?"

Nikasema, "Tayari."

Asubuhi nilikwenda na mimi kwenye ule msiba, kwa sababu Denis aliniambia nipande nikae na kazi yangu, na kukataa nako kunahitaji maneno. Viti vya nyuma vilikuwa vimetolewa, jeneza likawekwa katikati, limefunikwa kitambaa cheupe chenye msalaba. Kiti cha mbele, pembeni ya Denis, alikaa mjane, Bibi Hilda, amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, hajasema neno tangu alfajiri. Nyuma ubavuni mwa jeneza alikaa Shangazi Daria, dada wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo na kila kitu kingine, na ng'ambo yake akakaa Osmundi, mtoto wa mwisho. Mimi nilikaa mlangoni, miguuni pa marehemu, boksi la spana mapajani. Watu wengine wote walikuwa kwenye lori nyuma yetu, pamoja na katekista na matenga ya dagaa ya kupikia wafiwa.

Lazima niwaambie habari za Osmundi, ingawa watu wa Maguu wanazijua. Mzee Engelbert alikuwa na mibuni aliyoipanda yeye na mkewe wakiwa vijana, na mwaka ambao mzee aliugua akalazwa, Osmundi aliing'oa, akachimba mashimo ya ngolo, yale ya kilimo chetu cha mlimani, akapanda mahindi. Kwa Mmatengo kung'oa mibuni ya baba yako wakati baba yako anahema bado, hilo si jambo dogo. Mzee alipotoka hospitali akaliona shamba. Hakupiga kelele. Alichukua fimbo yake na mkewe, akashuka ziwani kwa binti yake, na hakupanda mlima tena mpaka siku hiyo anapandishwa na sisi.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, nikaanza hata kujisifu moyoni (hapo ndipo ningepaswa kuogopa). Tulipoanza kupanda, injini ikaelemewa, ikawa inacheza kwenye kitako chake, na joto likapanda, na nikausikia ule mtetemeko. Kidogo tu. Wengine wasingeusikia, lakini mimi niliusikia kwenye mifupa, silinda moja imelala. Nikajua mara moja ni nini. Tepu imelainika kwa joto, waya niliouvuta umejivuta kurudi.

Nikasema, "Kaka Denis." Shangazi Daria alikuwa kwenye ubeti, na sauti yake inajaza kanisa. Nikasema tena, na nadhani mara hiyo nilisema kwa ndani. Osmundi peke yake ndiye aliyeniangalia, akadhani nasali.

Tulifika ile kona ambayo ukigeuza kichwa unaliona ziwa lote chini, gari likatingishika, likakohoa, likazima. Sasa zilikuwa zimelala silinda mbili, na kwa silinda mbili Noah haimpandishi mtu mlimani, hata aliye hai. Lori likasimama nyuma yetu. Watu wakashuka wakasukuma, likawaka, likaenda hatua chache, likazima. Wakasukuma tena. Wimbo ukakatika, na hakuna kitu kizito kama kimya cha watu waliokuwa wanaimba.

Denis akashuka akaangalia betri, akatikisa gari asikilize petroli kwenye tangi. Halafu akaenda dirishani kwa Bibi Hilda akasema kwa heshima kwamba anaomba bibi ashuke kidogo, ili yeye Denis anyanyue kiti, aone injini.

Shangazi Daria ndiye aliyemjibu, kabla bibi hajageuka. Akasema mjane hakanyagi chini njiani, akishapakiwa pamoja na mume wake atashukia uani kwake, na kwamba kama Denis hakulijua hilo basi alijue sasa. Wazee waliokuwa kwenye lori wakaitikia kwa vichwa. Denis akarudi nyuma, akanitazama mimi.

"Dogo, jana si ulilijaribu?"

"Nililijaribu."

"Likawa zima?"

Na mimi, ndugu zangu, nikasema, "Lilikuwa zima." Ni kweli lilikuwa zima. Lakini silo jibu alilokuwa anahitaji, na nililijua hilo wakati nalitoa.

Shangazi Daria akashusha pumzi. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa, "Kama gari ni zima, basi si gari."

Hapo kila mtu alielewa, na mimi nilielewa wa mwisho, kwa sababu nilikuwa nafikiria waya. Huku kwetu ikitokea marehemu yuko njiani na gari linakataa, wapo wanaosema kwamba ni yeye anakataa, ana neno na mtu. Na kwa Mzee Engelbert hakuna aliyehitaji kuuliza ana neno na nani. Alishuka mlima ule kwa sababu ya shamba lililong'olewa, na sasa amefika katikati ya mlima na hataki kulirudia. Ilikuwa inaingia akilini kabisa. Mimi mwenyewe ningeamini, kama nisingezisokota zile waya kwa vidole vyangu.

Nikamsogelea Shangazi. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nikasema, "Shangazi, ni soketi."

"Nini?"

"Hamna kitu, Shangazi."

Akanipita. Alikwenda mpaka mlango wa nyuma, akaweka kiganja juu ya jeneza, akazungumza na kaka yake kwa Kimatengo, sauti ya chini, kama watu wawili wanaokaa jikoni. Alimwambia kwamba wamemsikia. Kwamba aliyemkosea yupo hapa. Halafu akageuka akamtazama Osmundi, na watu wote wakageuka, na yeye, mtu mwenye ndevu na watoto, akabaki peke yake katikati ya lami kama aliyevuliwa nguo.

Nilishindwa kutazama. Nikazunguka upande wa dereva, kwa kuwa Denis naye alikuwa ameenda nyuma na wengine, nikafungua mlango, nikapiga magoti kwenye ngazi. Nilitaka kuingiza mkono chini ya kiti cha bibi kupitia ule upenyo wa pembeni, nizishike waya kwa kupapasa. Mkono uliingia mpaka kiwiko ukakwama. Na hapo, nikiwa nimelaza shavu karibu na breki ya mkono, nikainua macho, nikakuta Bibi Hilda ananiangalia.

Ningesema shikamoo. Hata hiyo haikutoka.

Bibi aliutazama mkono wangu unakopotelea chini yake, akatazama uso wangu. Halafu akashika bomba la dirishani, akajinyanyua, taratibu, amejikunja chini ya paa la gari, miguu yake haijagusa nje, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisani. Nikanyanyua kiti kidogo. Joto likanipiga usoni. Ziko pale waya mbili, zimetoka, ncha zake zinang'aa. Niliposhika ya kwanza nikaungua nikaurudisha mkono, na bibi akatoa leso yake, ile aliyokuwa anafutia machozi, akanipa.

Nyuma nikaisikia sauti ya Osmundi.

"Baba," alisema. "Mibuni niling'oa mimi. Ilikuwa na ugonjwa, lakini si hilo. Ulinikataza, nikakujibu. Nilikwambia kahawa imezeeka kama wewe. Nilikuambia ukiwa kitandani. Mama alikuwepo. Hakumwambia mtu. Nisamehe, baba."

Bibi Hilda alikuwa bado amesimama amejikunja, amening'inia kwenye lile bomba. Nikasokota ya kwanza, nikasokota ya pili, nikazifunga kwa mpira wa tyubu uliokuwa kwenye boksi langu (ndiyo, ule ule wa fundi niliyemcheka jana yake), nikarudisha kiti, bibi akakaa. Nikazungusha funguo.

Injini ikawaka.

Sijui kama nitaweza kueleza kilichofuata. Mama mmoja kule nyuma akaanza kulia kwa sauti, mwingine akaanza wimbo, wanaume wakavua kofia. Osmundi alikuwa amepiga magoti, amelaza paji la uso kwenye lami, na gari la baba yake linanguruma mbele yake. Shangazi Daria akanyoosha mikono kuelekea ziwani. "Mmeona wenyewe," akasema. Katekista alianza kusema jambo, akaacha. Denis alifanya ishara ya msalaba akakimbilia usukani, akanikuta nimekaa kwenye kiti chake na leso imeshakuwa nyeusi kwa grisi mkononi, akanisukuma nje bila hata kuniuliza nilikuwa nafanya nini pale. Alishaamini.

Ningesema pale pale. Mfukoni nilikuwa bado na ile soketi iliyonivunjikia jana yake, nilikuwa na mkono ulioungua. Lakini watu walikuwa wanaimba, na ni nani anaweza kuwakatiza watu wanaoimba namna ile awaambie habari za tepu. Nikapanda nikakaa mahali pangu mlangoni. Osmundi hakupanda na sisi. Alipelekwa kwenye lori, akakaa kwenye matenga ya dagaa.

Tulipoiacha lami, njia yote ya vumbi mpaka Maguu nilikaa nasikiliza injini na kuisihi ishike. Ilishika. Na humo garini ndimo nilimosikia Shangazi Daria akimwambia bibi kwamba wazee wameshazungumza kule barabarani: kaka amekubali kurudi, ni vizuri, lakini mtoto aliyezuia jeneza la baba yake mlimani, tena mbele ya watu, huyo hataligusa na hataweka udongo. Atakaa mbali mpaka watu watawanyike. Bibi aliendelea kutazama mbele.

Kaburi lilichimbwa pembeni ya nyumba, ukingoni mwa yale mahindi. Mahindi yalikuwa mazuri, sitadanganya. Osmundi alikaa juu ya jiwe kule ng'ambo, na mtoto wake mdogo alitaka kwenda kwake akashikwa mkono akazuiwa. Mtoto hakuelewa. Aliendelea kuvuta mkono, na mimi nikamwangalia, nikaona kwamba huyu atakua, na atasimuliwa kwamba babu yake alisimamisha gari kwa sababu ya baba yake, na kumbe kilicholisimamisha ni haya yangu ya kuomba niwashe jiko.

Jeneza lilipokwisha kushushwa, katekista akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya udongo. Wakasema wawili watatu. Akauliza tena. Nikanyoosha mkono, kama shuleni, kwa usawa wa sikio. Nikaona mzee mmoja ananitazama, nikajikuna kichwa, nikaushusha.

Na hapo Bibi Hilda, ambaye hakuwa amesema neno tangu alfajiri, akasema, "Kijana wa gereji alikuwa anataka kusema."

Watu waligeuka wote. Sijawahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile, na naomba Mungu nisitazamwe tena. Nikasogea ukingoni kwa sababu nilidhani ndipo mtu anapotakiwa kusimama, udongo ukaporomoka kidogo chini ya kiatu changu ukaangukia jeneza, "puu," kabla ya mjane, kabla ya watoto, kabla ya katekista, na hivyo mtu wa kwanza kabisa kumwekea udongo Mzee Engelbert nikawa mimi. Watu wakaguna. Denis akanivuta shati nyuma.

Nikasema, "Ni soketi."

"Sema kwa sauti, mwanangu," akasema katekista.

"Ni soketi. Za nozeli. Sikuchoma risasi."

Kusema risasi kwenye kaburi la mtu si jambo jema. Kukawa na minong'ono, mzee mmoja akauliza nani kapigwa risasi, ikabidi nianze kueleza. Na kueleza ndiko kulikonitoa jasho, kwa sababu hawakujua nozeli ni nini, nikawaambia ni vidude vya kupuliza petroli, nikatoa ile soketi iliyovunjika mfukoni nikaionyesha, nikasema kila silinda ina yake, nikanyoosha vidole vinne nikakunja viwili kuonyesha zilizolala, na vijana kule nyuma wakaanza kucheka wakiziba midomo. Nikasema umeme ulikatika. Nikasema jiko. Nikasema nilisokota kwa vidole nikazungushia tepu, na joto la mlima likazitoa, na Denis aliponiuliza kama gari ni zima niliona haya. Mwisho nikaitoa leso. "Nilikuwa nimezishika na hii," nikasema. "Wakati kaka Osmundi anaomba, mimi nilikuwa chini ya kiti cha bibi. Mzee hakukataa kitu. Ni waya."

Denis akasema taratibu, "Dogo, mimi nilikuuliza." Ndilo neno lililoniuma kuliko yote ya siku ile.

Shangazi Daria hakuwa na uso wa hasira, alikuwa na uso wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akanitazama, akatazama kule kwenye jiwe alipokaa Osmundi, ambaye sasa alikuwa amesimama. "Kwa hiyo," akaniambia, "tumempigisha magoti mtoto wetu barabarani kwa sababu ya waya?"

"Ndiyo, Shangazi."

Bibi Hilda akashusha kanga begani. "Wifi," akasema, "mimi nilimwona kijana huyu anaunga. Engelbert alipokuwa hataki jambo alilisema, hakuwa mtu wa kuzimazima magari ya watu." Wazee wawili wakajisahau wakacheka, wakajikohoza. "Nilinyamaza kwa sababu Osmundi alikuwa anasema. Lile neno la kitandani, baba yake alishuka nalo mlima na mimi nikashuka naye, tumekaa nalo wawili. Nilitaka litoke kwa aliyelisema. Waya ni wa kijana huyu. Neno ni la Osmundi, na limetoka." Akageuka. "Mleteni mtoto wangu aweke udongo."

Shangazi Daria mwenyewe ndiye aliyemfuata. Alivuka mahindi na viatu vyake vya msiba, akamshika mkono mpwa wake, akamleta. Bibi akachukua udongo, akaujaza kiganja cha Osmundi, akakifunika kwa chake, wakauachia pamoja. Yule mtoto mdogo alikuwa ameshaachiliwa, akashika suruali ya baba yake asiiachie tena.

Kabla hatujaondoka Osmundi alinifuata kwenye gari, nilikuwa nimejificha kwenye injini kama kawaida yangu. "Fundi," akaniuliza, "yaani ningesubiri kidogo tu, lingewaka lenyewe?"

"Ungesubiri kidogo, kaka."

Alifikiri. "Basi afadhali hukuwahi," akasema, akaondoka.

Tulishuka na Denis. Mjomba aliporudi kutoka Songea habari ilikuwa imemfikia kabla ya kushuka kwenye basi. Hakunifokea. Aliniwashia jiko mchana kweupe, ingawa umeme siku hiyo ulikuwepo, akaniambia nikate maungio yote niliyosokota, moja moja, niyachome kwa nondo, na Denis alisimama pale pale nyuma yangu akizungusha funguo. Yale niliyoyakata mjomba aliyafunga pamoja akayatundika kwenye msumari mlangoni pa gereji, na yapo mpaka leo, na mteja akiuliza anaambiwa. Leso ya bibi niliifua kwa sabuni, kwa majivu, hata kwa petroli. Haikutakata. Nilimpelekea hivyo hivyo siku ya kumaliza msiba, akaipokea, akaikunja, akaniambia nimekonda.

Jina la Soketi sitaliondoa, nimeshakubali, watoto wa Maguu waliozaliwa baada ya hapo wanadhani nilibatizwa hivyo. Nilichoapa ni kingine. Denis anapoleta gari anasimama palepale na funguo zake, na siku hizi anafanya makusudi, anasubiri kuwe na watu, ndipo anauliza kwa sauti, "Tayari, au bado?" Masikio yananiwaka, na kila mara naona kama ninasimama tena kwenye ukingo wa lile kaburi. Lakini natoa kichwa kwenye injini, namtazama usoni, nasema, "Bado."